Singo Si Lazima Iwe Ndogo

Neno santuri limekaa vizuri katika Kiswahili tangu enzi za gramafoni, na redio nchini Kenya ilizoesha masikio ya watu kusikia "sahani ya santuri". Ugumu huanza mkusanyaji wa Kitale au Bungoma anapotaka kutenga aina moja tu: sahani iliyotolewa kwa ajili ya wimbo mmoja. Wengi huiita santuri ndogo. Jina hilo linaeleweka haraka, lakini lina kasoro.

Udogo ulitoka kwa kampuni ya RCA Victor, ambayo mwaka 1949 ilitoa sahani ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika. Mwaka mmoja kabla yake, Columbia ilikuwa imetoa santuri ndefu, ile ya inchi 12 inayobeba nyimbo kadhaa. Kenya iliipenda sana hiyo ya inchi 7. Mwanamuziki Daudi Kabaka aliipigia twisti, na wimbo wake "Helule Helule" ukarekodiwa upya na bendi ya Kiingereza, The Tremeloes, mwaka 1968. Kundi la Abana ba Nasery wa Bunyore, kusini mwa Bungoma, liliijaza omutibo: magitaa mawili na chupa ya Fanta inayokwaruzwa kushika mdundo.

Bendi za rumba zilibanwa zaidi. Upande mmoja wa inchi 7 hutosha dakika chache tu, na rumba haina haraka. Basi wimbo ukakatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Mara nyingi mashairi yalimalizikia upande wa kwanza, na magitaa yakafunguka upande wa pili, sehemu ambayo wachezaji walikuwa wakiisubiri. Mtu aligeuza sahani katikati ya dansi.

New York ilikutana na kikwazo hichohicho ikakitatua kwa njia nyingine: badala ya kukata wimbo, ilikuza sahani. Katikati ya miaka ya 1970, Tom Moulton, mtengenezaji wa muziki wa disko, alianza kuweka wimbo mmoja kwenye sahani kubwa, na mwaka 1976 lebo ya Salsoul ikauzia umma "Ten Percent" ya kundi la Double Exposure kwenye inchi 12. Walter Gibbons alikuwa ameurefusha wimbo huo hadi zaidi ya dakika 9. Faida haikuwa urefu peke yake. Besi huifanya sindano iyumbe sana kando kwa kando, kwa hiyo huhitaji mfuo, ile njia ya sindano, wenye nafasi. Mifuo ikibanana, sauti hulazimika kupunguzwa. Nafasi ikipatikana, besi hunguruma bila woga.

Muziki wa hausi, uliozaliwa Chicago, ulisafiri kwa sahani hizi. Ulaya ilipoupokea, "Pump Up the Volume" ya Uingereza mwaka 1987 na "Ride on Time" ya kundi la Kiitaliano Black Box mwaka 1989 zilitoka kwenye inchi 12 pia, kwani DJ alihitaji ngoma tupu mwanzoni na mwishoni ili aunganishe wimbo na wimbo.

Hapo ndipo jina santuri ndogo linapokwama, maana sahani ya "Ride on Time" ina upana uleule wa santuri ndefu. Kinachoitambulisha ni wimbo, si kipimo. Neno singo linafaa zaidi: vijana wanalitumia tayari kwa wimbo unaotolewa peke yake kwenye simu, na linakaa vyema katika ngeli ya i-/zi-, singo hii, singo hizi. Kipimo kifuate nyuma: singo ya inchi 7, singo ya inchi 12. Anayetaka neno fupi zaidi kwa ile kubwa aseme singo pana. Upana huo ni wa sahani na wa nafasi ya mifuo pia.

Istilahi hii si pambo. Mwaka 2013 lebo ya Soundway ya London ilitoa mkusanyiko wa Kenya Special, uliojaa rekodi za Kenya za miaka ya 1970 na 1980 ambazo nyingi zilitoka kwanza kwenye singo za inchi 7. Wanunuzi wa ng'ambo wanazitafuta, na anayezimiliki Kitale au Bungoma hana budi kuziandika kwa usahihi: singo, kipimo, mizunguko, sehemu ya kwanza na ya pili, na ile namba iliyochorwa kwenye plastiki kati ya mfuo wa mwisho na lebo.