World Baseball Classic: mwitikio wa mashabiki

World Baseball Classic (WBC) ni mashindano ya besiboli ya timu za taifa yaliyoanza Machi 2006, yakiandaliwa na ligi kuu ya Marekani (MLB) pamoja na chama cha wachezaji wake. Makala hii inahusu mashabiki: walivyoyapokea mashindano hayo, walivyoshangilia, walichokilalamikia na mambo waliyoyabeba kutoka mitaani hadi majukwaani. Mashindano yenyewe ni machanga, na mwanzoni klabu nyingi za Marekani ziliyatazama kwa mashaka. Heshima yaliyonayo leo yamepewa kwanza na watazamaji wa Tokyo, Seoul, San Juan na Santo Domingo.

Historia kwa ufupi

Hadi 2023, WBC ilikuwa imechezwa mwaka 2006, 2009, 2013, 2017 na 2023. Awamu ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19. Katika awamu hizo Japani ilitwaa ubingwa mara tatu (2006, 2009, 2023), Jamhuri ya Dominika mara moja (2013) na Marekani mara moja (2017). Mwaka 2017 waliohudhuria viwanjani walikuwa 1,086,720, na mwaka 2023 idadi ilifika 1,306,414.

Japani

Hakuna nchi iliyoyapenda mashindano haya kwa dhati kama Japani. Mapenzi hayo yalianza kwa hasira. Tarehe 12 Machi 2006, mjini Anaheim, Japani na Marekani zilikuwa sare 3–3 katika kipindi cha 8 Tsuyoshi Nishioka alipokimbia na kufunga baada ya mpira wa juu kudakwa. Mwamuzi wa karibu alikubali. Marekani ilipinga, na mwamuzi mkuu Bob Davidson akalifuta bao kwa madai kwamba Nishioka aliondoka kituoni mapema. Kocha Sadaharu Oh, mtu anayeheshimiwa mno nchini kwake, alitoka kulalamika bila mafanikio, na Marekani ikashinda 4–3. Televisheni za Japani zilirudia picha hizo mfululizo. Hata watu wasiofuatilia besiboli waliona kwamba timu yao imedhulumiwa.

Siku nne baadaye Meksiko, ambayo haikuwa na tumaini halisi la kusonga mbele, iliifunga Marekani 2–1 na kuifungulia Japani mlango wa nusu fainali. Mashabiki wa Japani waliishukuru Meksiko kwa furaha isiyofichika. Japani ikaichapa Korea Kusini 6–0, kisha Kuba 10–6 katika fainali mjini San Diego. Fainali hiyo ilitazamwa na asilimia 43.4 ya kaya za eneo la Kanto, kiwango kilichodumu kama rekodi ya WBC kwa miaka 17.

Mwaka 2009 wasiwasi ulimzunguka Ichiro Suzuki, ambaye kwa sehemu kubwa ya mashindano alikuwa anapiga vibaya. Alipopiga mpira ulioleta mikimbio miwili katika kipindi cha 10 cha fainali dhidi ya Korea, Japani ikishinda 5–3, wengi walipumua kama watu waliotuliwa mzigo. Mpigo huo ungali miongoni mwa matukio ya michezo yanayokumbukwa zaidi nchini humo.

Kilele kilikuja mwaka 2023. Mechi zote saba za Japani zilipita asilimia 40 ya kaya za Kanto. Mechi ya robo fainali dhidi ya Italia, tarehe 16 Machi, ilifika asilimia 48.0. Fainali ilirushwa asubuhi ya siku ya kazi, na bado ikapata asilimia 42.4. Ndani ya Tokyo Dome tarumbeta, ngoma na nyimbo za kila mchezaji zilirejea kwa sauti kamili baada ya miaka ya janga, ambapo watazamaji walikuwa wametakiwa kupiga makofi tu.

Shohei Ohtani ndiye aliyekuwa kitovu cha yote. Tarehe 12 Machi, dhidi ya Australia, alipiga homurani (mpigo unaovusha mpira nje ya eneo la kuchezea) iliyogonga bango la tangazo lenye picha yake mwenyewe. Mpira huo ulichukuliwa na shabiki kijana. Ukapita mkono kwa mkono, safu kwa safu, kila mtu akipiga nao picha, mpaka ukarudi kwa mwenyewe salama. Kisa hiki kidogo kilisimuliwa nje ya Japani zaidi kuliko matokeo ya mechi, na kwa haki: kinaeleza tabia ya jukwaa lile vizuri kuliko takwimu yoyote.

Kipenzi kisichotarajiwa kilikuwa Lars Nootbaar, mzaliwa wa California ambaye mama yake ni Mjapani. Alikuwa wa kwanza kuichezea Japani kwa misingi ya asili ya mzazi, na kabla ya mashindano baadhi ya mashabiki walihoji kwa nini nafasi hiyo hakupewa mchezaji wa ligi ya nyumbani. Wenzake walimpokea wakiwa wamevaa fulana zenye jina lake la utani la Kijapani, Tacchan. Alipoanza kukimbilia mipira na kuidaka kwa kujirusha, jukwaa zima lilimwita kwa sauti moja ndefu. Alikuja pia na ishara ya mikono ya kusaga pilipili manga, yenye maana ya kuendelea kusaga bila kuchoka. Watu wazima na watoto waliiga, visagio halisi vikaonekana majukwaani na madukani.

Ishara hiyo ilizua mjadala mkali katikati ya mashindano. Tarehe 18 Machi 2023, siku ya ufunguzi wa mashindano ya shule za sekondari ya Koshien, mwamuzi alimwonya mchezaji wa shule ya Tohoku kwa kuifanya uwanjani, na shirikisho la besiboli ya shule likatetea onyo hilo. Wazazi, makocha na wachezaji wa zamani waligawanyika. Upande mmoja ulisema michezo ya shule ni malezi na unyenyekevu. Upande wa pili uliuliza ni kosa gani mtoto kufurahi. Mjadala huo haukuisha hata baada ya ubingwa kupatikana.

Fainali ilichezwa Miami mbele ya watu 36,098. Japani ikiongoza Marekani 3–2, Ohtani alimtoa Mike Trout, mwenzake wa wakati huo katika klabu ya Los Angeles Angels, kwa straiki ya tatu, hesabu ikiwa imejaa (mipira mibovu mitatu na straiki mbili). Mwandishi yeyote wa tamthilia angeogopa kuandika mwisho wa namna hiyo. Mjini Tokyo watu walikumbatiana na wasiowajua, na magazeti yalitoa matoleo maalumu yaliyogombaniwa vituoni.

Korea Kusini

Korea ilikuja mwaka 2006 ikiwa haitajwi sana, ikaifunga Japani mara mbili (3–2 mjini Tokyo na 2–1 mjini Anaheim). Baada ya ushindi wa Anaheim wachezaji walisimika bendera ya taifa kwenye kilima cha mrushaji. Kwa Wakorea ilikuwa picha ya fahari, kwa Wajapani ilikuwa dharau. Kabla ya hapo Ichiro alikuwa ametoa kauli iliyoeleweka Korea kuwa Japani itashinda kwa namna ya kuwakatisha tamaa wapinzani kwa miaka 30, na tangu hapo alizomewa kila alipokamata gongo. Serikali ya Korea iliwasamehe wachezaji hao utumishi wa jeshi, hatua iliyoungwa mkono na wengi wakati ule.

Mwaka 2009 nchi hizo mbili zilikutana mara tano. Fainali ya Dodger Stadium ilijaza watu 54,846, na sehemu kubwa ya kelele ilitoka kwa Wakorea wa Los Angeles waliokuja na mirija ya plastiki iliyojazwa upepo, wakiigonga kwa mapigo ya pamoja.

Baada ya hapo kilifuata kipindi cha machungu. Korea ilitolewa hatua ya kwanza mwaka 2013, 2017 na 2023. Mwaka 2017 ilifungwa na Israeli 2–1 mjini Seoul kwenyewe. Mwaka 2023, dhidi ya Australia, Kang Baek-ho alipiga mpira mzuri akafika kituo cha pili, akashangilia mguu ukiwa umeachia kituo, akaguswa na mpira na kutolewa. Korea ikapoteza 8–7, kisha ikafungwa na Japani 13–4. Ilipofichuka baadaye kwamba baadhi ya warushaji walikwenda kunywa mjini Tokyo wakati wa mashindano, mashabiki hawakuwa na huruma, na wahusika waliomba radhi hadharani.

Taiwan

Timu hucheza kwa jina la Chinese Taipei, jina ambalo mashabiki wengi wa kisiwa hicho hawalipendi. Machi 2013, Japani iliposhinda 4–3 katika vipindi 10, kulikuwa na Wajapani majukwaani walioinua mabango ya kuishukuru Taiwan kwa misaada ya tetemeko la 2011. Mwaka 2023, katika kundi la Taichung, timu zote tano zilimaliza na ushindi mara mbili na kushindwa mara mbili. Taiwan ikawa ya mwisho kwa hesabu, mbele ya mashabiki wake waliokuwa wamecheza na kuimba kila usiku.

Karibi na Meksiko

Katika ukanda huu mashindano hufuatwa kama sikukuu ya familia. Majukwaa ya Miami na San Juan hujaa ngoma, filimbi, kengele na dansi kuanzia mpira wa kwanza. Hakuna anayengoja bao ndipo asimame.

Wadominika walivunjika moyo mwaka 2009 timu yao yenye nyota wengi ilipofungwa mara mbili na Uholanzi (3–2 na 2–1). Walifutwa machozi mwaka 2013, waliposhinda mechi zote 8 na kuwa bingwa wa kwanza kumaliza bila kupoteza. Mrushaji Fernando Rodney alibeba mzuzu kama kitu cha bahati, na mashabiki wakaanza kuja viwanjani na mizuzu yao, wakiipunga hewani kama bendera. Ndizi ya kupika ni chakula cha kila siku katika nyumba za Wadominika, na pengine ndiyo sababu ilikubalika haraka hivyo.

Puerto Rico ilifungwa katika fainali mbili mfululizo, 3–0 na Jamhuri ya Dominika mwaka 2013 na 8–0 na Marekani mwaka 2017. Lakini mwaka 2017 ndio unaokumbukwa kwa upendo. Wachezaji walipaka nywele rangi ya dhahabu kama ishara ya umoja, na kisiwa kizima kikafuata: vijana, wazee, watangazaji. Maduka yaliishiwa rangi. Ingawa timu ilipoteza fainali, ilipokewa San Juan kwa msafara wa mabingwa.

Meksiko ilimpata mpendwa wake mwaka 2023, Randy Arozarena, mzaliwa wa Kuba aliyepata uraia wa Meksiko. Alikuwa akidaka mpira kisha anakunja mikono na kusimama kimya huku jukwaa likilipuka, na aliwasainia watoto mipira mechi ikiendelea. Ushindi wa 11–5 dhidi ya Marekani mjini Phoenix ulishuhudiwa na watu 47,534, wengi wao wakiwa wamevaa kijani.

Siasa majukwaani

Mwaka 2006 serikali ya Marekani kwanza iliinyima Kuba kibali, kisha ikakubali baada ya Kuba kuahidi kutoa mapato yake kwa waathirika wa kimbunga Katrina. Katika mechi ya Kuba na Uholanzi mjini San Juan, mtazamaji alionyesha bango la kumpinga Fidel Castro mahali ambapo kamera ziliweza kulinasa. Ofisa wa Kuba alimfuata, na polisi wa Puerto Rico wakamkumbusha kwamba mtu ana haki ya kusema.

Mwaka 2009 Magglio Ordóñez wa Venezuela alizomewa na Wavenezuela wenzake mjini Miami kwa kumuunga mkono Hugo Chávez. Ni jambo la kuhuzunisha kumwona mchezaji akizomewa na wenye bendera moja naye, lakini uchungu wa waliohama nchi ulikuwa wa kweli.

Tarehe 19 Machi 2023 Kuba ilicheza Miami, makao makuu ya Wakuba waliokimbia. Marekani ilishinda 14–2. Nje ya uwanja watu waliandamana, ndani walipiga kelele za kudai uhuru, na baadhi walikimbilia uwanjani, mmoja akiwa na bango la kutetea wafungwa wa maandamano ya Julai 2021. Hata hivyo wapo walioishangilia Kuba kwa moyo.

Marekani

Mashabiki wengi wa Marekani huweka klabu mbele ya taifa. Machi 2023 mrushaji Edwin Díaz wa Puerto Rico, aliyekuwa na mkataba wa dola milioni 102 na New York Mets, aliumia goti akisherehekea ushindi dhidi ya Jamhuri ya Dominika na kukosa msimu mzima. Siku chache baadaye José Altuve wa Venezuela alivunjika kidole gumba. Baadhi ya mashabiki wa klabu walidai mashindano yafutwe. Wachezaji wenyewe, hasa wa Karibi, walijibu kwamba kuichezea nchi ni heshima isiyopimwa kwa mshahara. Homurani ya Trea Turner iliyoleta mikimbio minne na kuipa Marekani ushindi wa 9–7 dhidi ya Venezuela iligeuza mioyo ya wengi.

Ulaya

Timu ya Ucheki ya 2023 iliundwa zaidi na watu wenye kazi nyingine: kocha Pavel Chadim ni daktari wa mishipa ya fahamu, na mrushaji Ondřej Satoria, fundi umeme, alimtoa Ohtani kwa straiki tatu. Tokyo Dome ilimpigia makofi. Mrushaji wa Japani Roki Sasaki alimgonga Willie Escala wa Ucheki kwa mpira wa kilomita 162 kwa saa, kisha akapeleka mifuko ya peremende hotelini kwao kuomba radhi. Wajapani wengi walinunua kofia za Ucheki.

Afrika

Afrika Kusini ilishiriki mwaka 2006 na 2009. Katika Afrika Mashariki besiboli inajulikana zaidi Uganda, ambayo mwaka 2012 ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto ya Little League mjini Williamsport, Marekani.

Kuelekea 2026

Agosti 2025 ilitangazwa kwamba haki za kuonyesha WBC ya 2026 nchini Japani zimechukuliwa na Netflix peke yake. Mashabiki wengi walilalamika, hasa kwa ajili ya wazee waliozoea televisheni ya bure.