Godoro, Ndoo na Ada: Wasichana wa TACARE mwambao wa Kigoma

Julai 1960 boti ilimshusha Gombe, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, binti wa Kiingereza wa miaka 26, amefuatana na mama yake. Shahada hakuwa nayo. Alikuwa na mafunzo ya ukatibu muhtasi, darubini, na fedha za miezi 6 za kuchunguza sokwemtu, ambazo mtafiti Louis Leakey alimwombea kwa Leighton Wilkie, mfanyabiashara wa Marekani. Miaka michache baadaye Cambridge ilimtunuku Jane Goodall udaktari wa falsafa pasipo kupitia shahada ya kwanza. Kwa hiyo, habari za ufadhili katika mwambao huu zina mwanzo wa zamani kuliko mradi wa TACARE wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipita juu ya Gombe kwa ndege ndogo. Hifadhi ilikuwa imebaki kisiwa cha miti katikati ya vilima vitupu. Watu walikuwa wameongezeka, wakiwemo waliokimbia vita nchi jirani. Mihogo ililimwa hadi kwenye miteremko mikali, na kila masika udongo uliporomokea ziwani. Mwaka 1994, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, taasisi yake ikaanzisha TACARE, mradi wa kurudisha misitu katika bonde la Ziwa Tanganyika. Ukilitamka haraka, jina hilo husikika kama Mwingereza anayekuhimiza utunze kitu. Na jina lake refu linaishia na neno elimu.

Meneja wa kwanza, George Strunden, alichagua Watanzania 7 wa hapa hapa, wakaenda katika vijiji 12 kuuliza watu wanataka nini. Majibu hayakuanza na miti. Watu walitaka chakula cha kutosha, zahanati, na shule za watoto wao. Mradi mwingine ungeyaandika majibu hayo, kisha ukapanda miche yake na kuondoka. Huu uliyafuata, na naamini ndiyo maana bado upo.

Kwa wasichana, kikwazo kilikuwa kuvunja ungo. Shule isiyo na choo cha faragha humrudisha binti nyumbani siku kadhaa kila mwezi, hadi siku moja harudi tena darasani. Hivyo vikajengwa vyoo, zikagawiwa taulo za hedhi, na wasichana wakafundishwa kushauriana wenyewe kwa wenyewe. Ufadhili wa masomo ulikuja pamoja na hayo. Ada ilikuwa nusu tu ya mzigo. Mtoto wa Mwamgongo, kaskazini mwa Gombe, ambako njia kuu ni ziwa, akipelekwa bweni alihitaji godoro, sanduku, ndoo, sare mbili na nauli ya boti. Kina mama nao walianza kuweka na kukopeshana katika vikundi, ambavyo baadaye vilijulikana kama COCOBA.

Wafadhili walipenda kuelezwa kwamba binti aliyesoma huzaa wachache, na vilima hupumua. Hesabu hiyo si ya uongo, ila sijapata kuona msichana anayekesha na kitabu cha kemia ili sokwemtu apate kivuli.

Wachache kati ya wasichana waliofadhiliwa walifika chuo kikuu. Tangu hapo mambo mengi yamebadilika: Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, ada ikafutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. TACARE imevuka vijiji 100. Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, katika ziara ya mihadhara Marekani.

Mzigo umehamia juu, mlangoni mwa chuo. Anayetoka Mwamgongo kwenda Dar es Salaam huanza kwa boti, kisha basi, au treni ya Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Bumu, kama wanafunzi wanavyoiita fedha ya mkopo, humkuta ameshafika. Nauli ya kumfikisha inabidi iwe imeshatolewa na mtu.