Simu ya Upepo Milimani: Habari ya Redio za Mkononi

Tarehe 8 Juni 1924, kabla ya saa saba za mchana, Noel Odell, aliyekuwa akipanda peke yake nyuma ya wenziwe, aliwaona George Mallory na Andrew Irvine juu kabisa ya ukingo wa Mlima Everest, kisha wingu likawafunika, na tangu hapo hapana aliyewaona tena wakiwa hai. Siku mbili baadaye, baada ya Odell kuwatafuta bila ya kuwapata, mablanketi yalitandazwa juu ya theluji kwa sura ya msalaba, ili walio kambi ya chini wayaone kwa darubini na wafahamu kwamba matumaini yamekwisha. Hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya mlimani zama zile, na wingu likitanda hata lugha hiyo ilikatika.

Dawa ya upungufu huu haikutoka Himalaya, bali katika misitu ya kaskazini ya Canada, ambako kampuni za madini zilikuwa zikipeleka watu kwa ndege ndogo mahali pasipo njia wala simu, na ndege ikiharibika rubani hubaki huko bila ya mtu kujua yu wapi. Mwaka 1937 Donald Hings, fundi aliyezaliwa Uingereza na kulelewa Canada, aliiundia kampuni ya namna hiyo redio ya kupokea na kupeleka sauti ambayo mtu mmoja aliweza kuichukua porini. Mwaka uliofuata Alfred Gross, kijana wa Cleveland huko Marekani, naye akaunda ya kwake. Na mimi sioni sababu ya kubishana ni nani aliyetangulia, kwa kuwa kila mmoja alijitegemea kwa bidii yake mwenyewe.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, kiwanda cha Galvin cha Chicago, ambacho baadaye kiliitwa Motorola, kilitoa redio ya kushikwa kwa mkono mmoja iliyopewa na jeshi jina la SCR-536. Uzito wake pamoja na betri ulikuwa ratili tano hivi, ndani yake mlikuwa na valvu tano, na ilijiwasha yenyewe mtu alipoivuta antena yake. Pamoja na sifa zote hizo, katika nchi kavu sauti yake haikwenda sana zaidi ya maili moja, na penye vilima ilipungua hata zaidi.

Hapa inatupasa tusimame kidogo, kwani ndipo ulipo msingi wa habari yote hii. Mawimbi ya redio nyingi za mkononi za leo huenda karibu na mstari ulionyoka, mfano wa macho ya mtu: anayeonana na mwenziwe ng'ambo ya bonde huzungumza naye hata kwa masafa marefu, ilhali aliyejificha nyuma ya jabali hasikiki ijapokuwa yu karibu. Tena baridi kali hudhoofisha betri, hata wapanda milima wakazoea kuzificha ndani ya nguo, na usiku kulala nazo.

Msafara wa Waingereza wa kupanda Everest mwaka 1953, chini ya uongozi wa John Hunt, ulizichukua redio ndogo za kuzungumzia baina ya kambi, lakini Edmund Hillary na Tenzing Norgay walifika kileleni tarehe 29 Mei pasipo kuwa na sauti ya kuwapasha habari wenzao, hata Hunt hakujua lililotukia mpaka alasiri ya siku ya pili, walipoonekana wakishuka. Habari yenyewe ilichukuliwa na tarishi kwa miguu hadi Namche Bazaar, palipokuwa na mtambo wa simu ya upepo wa polisi wa India, na kutoka hapo ikafika London kwa wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth.

Miaka kumi baadaye hali ilikwisha badilika. Tarehe 22 Mei 1963 Wamarekani wawili, Tom Hornbein na Willi Unsoeld, walikuwa wakipanda kwa ukingo wa magharibi, njia ambayo hapana aliyepata kuimaliza, na walipokwisha kuupita mwamba mbovu Unsoeld aliita kambi ya chini kwa redio, akamweleza Jim Whittaker kwamba hapana mahali pa kufungia kamba ya kuteremkia, na kwa hiyo hawana budi kupita juu ya kilele na kushukia upande wa pili. Whittaker, ambaye alikuwa amefika kileleni wiki tatu kabla, aliwasihi wasijifungie njia ya kurudi, lakini wao ndio waliokuwa wakiuona mwamba. Walifika kileleni saa kumi na mbili na robo ya jioni, wakalala nje usiku ule bila ya hema pamoja na wenzao wawili waliopanda kwa njia ya kusini, na Unsoeld akapoteza vidole tisa vya miguu kwa baridi. Ninaitukuza saa ile ya mazungumzo kuliko kilele chenyewe, kwa sababu kwayo walio chini walishiriki, walau kwa neno, katika shauri zito kabla halijakatwa.

Lakini sauti peke yake haiokoi daima: mwezi wa Mei 1996 Rob Hall wa New Zealand, aliyekwama karibu na kilele cha kusini cha Everest kwa dhoruba, alizungumza na wenzake siku nzima, na jioni sauti yake ikaunganishwa na simu ya setilaiti ikamfikia mkewe nyumbani. Masherpa waliopanda kumwokoa walirudishwa na upepo, na Hall akafia pale pale.

Kilimanjaro nayo ina waongozaji wanaobeba redio hizi, ambazo wenyewe huziita redio koli. Penye bonde lisilopitisha mawimbi, mwenye redio hupanda ukingoni akapokea maneno ya upande huu na kuyakariri kwa upande wa pili, au mtambo wa kurudufisha mawimbi huwekwa mahali pa juu ufanye kazi hiyo hiyo. Na misafara iliyo makini huweka saa maalumu za kuitana, ili asiyejibu kwa saa yake aanze kutafutwa mchana, nuru ingalipo.