Ziwa Chala na Waliojua Njia

Watu wengi wa Dar es Salaam hupita Kariakoo kila siku, huyu kununua kitoweo na yule kitenge, wala hawaulizi jina lile limetoka wapi. Ni matamshi yetu ya maneno mawili ya Kiingereza, nayo yalikuwa jina la jeshi la wachukuzi. Waingereza walipouteka mji mwezi wa Septemba 1916, wachukuzi wao wa vita waliwekwa mahali pale, penye jumba lililokuwa limejengwa na Wajerumani. Mwaka 1923 jumba likawa soko, na jina likabaki.

Katika vita vile walikufa wachukuzi zaidi ya 40,000 wa upande wa Waingereza peke yao, nao waliouawa na homa, kuhara na njaa walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Lakini nendeni katikati ya mji mkaitazame sanamu iliyozinduliwa mwaka 1927. Mtu wa shaba aliyesimama pale na bunduki yake ni askari. Mchukuzi hutajwa katika maandishi ya chini tu.

Nimeanza na hayo kwa kuwa nataka kueleza safari nyingine, ya starehe, ambayo nayo haikupata kufanyika bila mtu wa kutangulia na mtu wa kubeba.

Mgeni afikaye Moshi, asiye na nguvu wala siku za kuupanda Kilimanjaro, huweza kupelekwa Ziwa Chala, kwenda na kurudi siku moja. Ziwa hilo liko mashariki ya mlima, na mpaka wa Tanzania na Kenya umelikata. Njiani ni nchi kavu, vichaka na mibuyu, wala hapana dalili ya maji. Kiongozi hutangulia, akapanda kilima kisicho kirefu, akasimama. Ndipo mgeni aonapo kwamba kilima kile ni ukingo tu: ndani mna shimo kubwa lenye kuta za wima, na chini kabisa maji, mara ya buluu, mara ya kijani, kama jua lilivyo. Shimo lile ni kinywa cha mlima wa moto uliozimika zamani. Kina cha maji chapata mita 90. Hapana mto wa kulijaza. Ni mvua iliyonyesha katika misitu ya Kilimanjaro, ikazama katika mawe na majivu ya volkano, ikapita chini ya ardhi hata kutokea humo.

Wenyeji husimulia kwamba zamani kijiji cha Wamasai kilizama pale na watu wake. Mwenye elimu ya miamba labda atacheka. Mimi sicheki, maana aliyeitunga hadithi alikwisha kuona kwamba shimo lile halikuchimbwa na maji, bali nchi yenyewe ilipasuka.

Vitabu husema kwamba Mzungu wa kwanza kulifikia ziwa hili alikuwa Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, mwaka 1871. Mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, alipanda Kilimanjaro hata akaigusa theluji, ingawa hakufika kileleni. Lakini New hakuiokota njia porini. Msafara wake kutoka pwani uliongozwa na Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi, kusini ya Mombasa, aliyezoea kwenda bara na misafara ya biashara. Mwaka 1870, kabla New hajaondoka, jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London lilikuwa limekwisha kuchapa njia za kwenda bara kama Sadi alivyomsimulia mmisionari Thomas Wakefield: kambi kwa kambi, mahali penye maji na mahali pakavu, hata maziwa ya Naivasha na Baringo. Jina la Sadi liko wazi katika kichwa cha makala ile. Basi ni ajabu kwamba wanafunzi wetu hufundishwa jina la New, na la Sadi hawajapata kulisikia.

Mpagazi wa misafara ya siku zile alijitwika ratili 60 au zaidi, yaani kilo 27. Siku hizi, katika malango ya Kilimanjaro, mizigo hupimwa kwa mizani, na mchukuzi haruhusiwi kupita na zaidi ya kilo 20.