Fimbo ya Muchungaji na Upanga wa Konte

Katika historia ya Eklezya twasoma habari za maaskofu wengi waliouawa juu ya imani. Leo tunaleta mbele ya wasomaji wetu habari za askofu mumoja aliyeuawa, si juu ya imani, lakini juu ya cheo cha dunia alichokipokea. Jina lake Walcher, padri wa Liège, muji ulio leo katika inchi ya Ubelgiji. Mwaka 1071 alifanywa Askofu wa Durham, kaskazini ya Uingereza.

Inchi ile iliitwa Northumbria. Zamani ilikuwa na wafalme wake. Baadaye iliongozwa na mukubwa aliyewekwa na mufalme wa Uingereza. Mukubwa wa namna hii tutamwita konte, kama wasemavyo Wafaransa. Konte alikata maneno ya watu, alikusanya kodi, aliongoza askari vitani. Lakini mufalme alikaa mbali, na watu wa kaskazini hawakupenda kutawaliwa na mugeni.

Konte Siward alikufa mwaka 1055. Mutoto wake Waltheof alikuwa mudogo bado, basi Mufalme Edward akamupa Tostig cheo kile, mutu wa kusini. Kodi zake zikawa nzito. Mwaka 1065 watu wakasimama, wakamufukuza. Mwaka uliofuata William wa Normandia akatwaa Uingereza. Konte aliyemutuma, Robert de Comines, aliuawa Durham pamoja na askari wake mwaka 1069. Mufalme akalipiza kisasi bila huruma: vijiji na vyakula vikachomwa, na watu wengi sana wakafa kwa njaa.

Mwaka 1072 Waltheof naye akapewa cheo cha baba yake. Lakini mwaka 1075 wakubwa wawili wakamushirikisha shauri la kumwasi mufalme. Alijuta, akaungama neno lile kwa Lanfranc, Askofu Mukuu wa Canterbury. Hata hivi akakatwa kichwa Winchester, tarehe 31 Mei 1076. Alizikwa katika monasteri ya Crowland, na watu wakaja kusali kaburini pake kama kwa mutakatifu.

Ndipo mufalme alipomupa Walcher cheo cha konte. Mukono mumoja ukashika fimbo ya muchungaji, wa pili upanga. Walcher hakuwa mutu mubaya. Aliwasaidia watawa kuanza tena maisha yao katika Jarrow, mahali alipoishi Mutakatifu Beda. Lakini kazi ya konte aliiacha mikononi mwa ndugu yake Gilbert, na padri wake Leobwin alikuwa na nguvu nyingi katika nyumba yake. Leobwin alimwonea wivu Ligulf, mukubwa wa inchi aliyependwa na askofu mwenyewe. Kwa shauri lake Gilbert akamuua Ligulf usiku, pamoja na watu wa nyumba yake. Walcher aliapa kwamba yeye hana hatia. Lakini wenye hatia aliwaacha wakae karibu naye, na watu wakaona.

Tarehe 14 Mei 1080 walikutana Gateshead kutafuta mapatano. Neno likaharibika, askofu akakimbilia kanisani pamoja na watu wake. Gilbert akatoka, akauawa. Kanisa likachomwa moto. Askofu naye akatoka, uso umefunikwa kwa vazi lake, akauawa mulangoni. Watawa wa Jarrow ndio waliochukua maiti yake. Kisha mufalme akatuma jeshi, likiongozwa na askofu mwingine, Odo wa Bayeux. Wasio na hatia wakaumizwa pamoja na wenye hatia.

Waliomuua Walcher hawakuwa wapagani. Walikuwa wakristu wa jimbo lake, lakini siku ile walimwona konte tu. Sisi tulio mapadri, ao tunaojitayarisha kuwa mapadri, tuna ndugu na jamaa, na pengine twapewa vyeo vyenye nguvu. Mutu wa nyumba yetu akimuonea mukristu, je, tutaapa tu kwamba hatukujua? Walcher aliapa vilevile.