Sauti ya mchezaji gemu wa Changamwe: ilitoka wapi, na nani aliisafisha?

Leo tunaacha kuandika programu kidogo, tuzungumze historia.

Vijana wa hapa Changamwe huniuliza swali moja kila mara: "Kaka, ninunue maiki gani ili wenzangu wanisikie vizuri kwenye gemu?" Si swali la mchezo. Kuna waliotolewa kwenye timu zao kwa sababu hiyo tu. Kijana anacheza vizuri, lakini akifungua maiki wenzake wanasikia lori la kontena linaloelekea Kipevu, ndege inayoshuka Uwanja wa Moi, pangaboi na honi za matatu. Anaambiwa azime maiki. Basi anaanza kudunduliza pesa za maikrofoni ghali.

Kabla hajazitoa, asome kwanza. Historia inaonyesha kuwa kifaa chenyewe ni kipande kidogo cha tatizo, na tena ndicho kilichotatuliwa mapema zaidi.

Kwanza: simu ilipokata sauti juu na chini

Simu ya Alexander Graham Bell ni ya mwaka wa 1876. Katika karne iliyofuata, makampuni ya simu yalizoea kupitisha sauti ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu, ili laini moja ibebe mazungumzo mengi. Sauti ilipoanza kugeuzwa kuwa namba, ilipimwa mara 8,000 kwa sekunde, kipimo kinachotosha masafa hayo na si zaidi.

Tatizo ni kwamba herufi "s" na "f" hutofautiana zaidi juu ya hezi 3,400, yaani pale pale palipokatwa. Katika Kiswahili jambo hili lina madhara yake. Mwenzako akisema "nimemsikia" nawe ukasikia "nimemfikia", mmeachana njia! La kwanza maana yake adui yuko karibu, tulieni. La pili maana yake njooni tummalize.

Pili: maikrofoni

Simu za zamani zilitumia chembe za kaboni, na sauti yake ilikwaruza. Mwaka wa 1962, katika maabara ya Bell huko Marekani, Gerhard Sessler na James West walibuni maikrofoni ya elektreti. Ilikuwa ndogo, rahisi kutengeneza, na ilinasa sauti vizuri. James West ni Mmarekani mweusi, na kazi yake imesambaa hadi kwenye hedifoni za bei poa zinazouzwa kando ya barabara hapa mjini. Kwa hivyo maiki ya bei nafuu inayonasa sauti ya mtu vizuri si jambo jipya. Ina zaidi ya miaka 60.

Tatu: sauti kwenye pakiti

Mwaka wa 1974 watafiti wa ARPANET, babu wa intaneti, walifaulu kupitisha mazungumzo ya watu yakiwa yamekatwakatwa kuwa pakiti. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo alikuwa Danny Cohen, ambaye kabla ya hapo alikuwa ametengeneza programu ya kuigiza urushaji wa ndege. Ukitazama vizuri, gemu na sauti ya mtandaoni zimelelewa nyumba moja.

Wachezaji wenyewe walipata vifaa vyao baadaye: Roger Wilco mwaka wa 1999, Ventrilo mwaka wa 2002, na mwaka huo huo wa 2002 Microsoft ikaanzisha Xbox Live, ambako mchezaji alivaa hedifoni yenye maiki na kuongea na wenzake.

Nne: kwa nini sisi tulichelewa

Hapa ndipo historia inapotuuma. Kabla ya 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti. Setilaiti ya aina hiyo hukaa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Piga hesabu: kupanda na kushuka ni kilomita 72,000, na mawimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Hiyo ni karibu robo sekunde kabla mwenzako hajakusikia, na robo nyingine kabla wewe hujasikia jibu. Wataalamu wa simu hupendekeza kuchelewa kusizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Sisi tulikuwa tumepita hapo kabla hata ya kufungua mdomo.

Sheria nayo ilikaza kamba. Mwishoni mwa mwaka 2000 watoa huduma wa intaneti walifungua kituo cha kubadilishana data jijini Nairobi, KIXP, ili ujumbe wa Mkenya kwa Mkenya usiende ng'ambo kwa setilaiti na kurudi. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba, ililalamika, na tume ya mawasiliano ikakifunga baada ya wiki chache tu. Kilifunguliwa tena mwaka wa 2002. Biashara ya kupitisha simu kwenye intaneti nayo ilibidi isubiri hadi ukiritimba ule ulipokwisha mwaka wa 2004. Maiki nzuri ingekusaidia nini hapo?

Tano: mkonga unatua Mombasa

Mombasa si mgeni wa nyaya za baharini. Waya wa telegrafu kutoka Zanzibar ulifika hapa mwaka wa 1890. Lakini wa mwanga ulikuja miaka zaidi ya mia moja baadaye. TEAMS, kutoka Fujairah, ulifika Mombasa Juni 2009, na SEACOM ukaanza kazi Julai mwaka huo huo. EASSy ukafuata mwaka wa 2010.

Hesabu tena: mwanga ndani ya kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Fujairah ni takriban kilomita 5,000 za mkonga, yaani milisekunde 25. Robo sekunde ya setilaiti imekuwa kama moja ya kumi yake! Hakuna maikrofoni iliyowahi kumfanyia mchezaji wa Mombasa kazi kubwa kama hiyo.

Sita: programu zinaosha sauti

Kilichobaki kilikuwa kazi ya sisi watu wa programu. Mwaka wa 2002 Jean-Marc Valin alianzisha Speex, programu huria ya kubana sauti ya mazungumzo. Mwaka wa 2012 ikaja Opus, iliyounganisha kazi ya Skype na ya kundi la Xiph. Opus hubeba sauti iliyopimwa hadi mara 48,000 kwa sekunde, kwa hivyo "s" na "f" zimerudi mahali pake. Pia inaweza kuziba pengo pakiti ikipotea njiani. Discord, iliyoanza mwaka wa 2015, inaitumia.

Na kelele je? Mwaka wa 1979 Steven Boll alieleza njia ya kupima kelele mtu akiwa kimya, kisha kuitoa kwenye sauti yake. Njia hiyo inafaa kwa pangaboi, maana mvumo wake haubadiliki. Honi ya lori haina adabu hiyo. Inakuja ghafla na kuondoka. Ndiyo maana RNNoise ya mwaka 2017, kazi ya Valin tena, ilitumia mtandao wa neva uliofundishwa kwa mifano mingi ya sauti na kelele.

Sasa kijana wetu afanye nini?

Historia imempa mpangilio. Kwanza asogeze maiki mdomoni: kutoka sentimita 20 hadi 5, sauti yake huongezeka kama desibeli 12 huku lori likibaki pale pale. Aiweke pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Pili, atumie hedifoni ya waya. Hedifoni nyingi za Bluetooth, maiki ikifunguliwa, hurudi kwenye vipimo 8,000 au 16,000 kwa sekunde, mtindo ule ule wa simu za kale. Tatu, awashe kifuta kelele kilichomo kwenye programu. Nne, atundike shuka au pazia zito kwenye ukuta mtupu, maana mwangwi wa chumba ni mgumu kufutwa. Tano, achague seva iliyo karibu. Akimaliza yote hayo na bado hasikiki, ndipo afikirie duka.

Lakini lipo jambo lisilonunuliwa dukani. Mei 2024 EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na Afrika Mashariki nzima ikayumba. Siku kama hiyo mwenye maiki ya elfu ishirini na mwenye ya mia mbili wako sawa. Kusikika kwetu bado kunategemea nyuzi chache zilizolala chini ya bahari, na seva ambazo wenzetu wameziweka mbali. Hapo ndipo penye kazi iliyobaki, na sioni kwa nini isifanywe na vijana hawa hawa wanaoambiwa wazime maiki.