Abiria Asubiri: Hoja ya Leseni ya Ngazi kwa Waendesha Pikipiki Wapya

Mjadala wa ajali za bodaboda huishia kwenye agizo lile lile: mafunzo yaongezwe na cheti kiwe cha lazima. Makala haya yanadai kuwa wingi wa saa za mafunzo ni kipimo duni. Swali zito zaidi ni leseni inamruhusu mwendeshaji mpya kufanya nini katika miezi yake ya mwanzo.

Kuhusu faida ya kofia ngumu hakuna ubishi. Kuhusu mafunzo, mapitio ya mwaka 2010 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa afya, yalichambua tafiti 23 na kushindwa kutamka kwamba mafunzo yanapunguza ajali, kwa kuwa tafiti nyingi zilikuwa dhaifu. Wanaoyanukuu ili kubeza mafunzo wanakosea vibaya: utafiti dhaifu unaonyesha tu kwamba jambo halijapimwa vizuri.

Ushahidi tunaoutegemea zaidi ni wa zamani. Mtafiti Harry Hurt na wenzake walichunguza kwa kina ajali 900 za pikipiki mjini Los Angeles, na ripoti yao ikatoka mwaka 1981. Asilimia 92 ya waendeshaji hao walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Takwimu hiyo hunukuliwa sana. Matokeo mengine mawili husahaulika. Wastani wa uzoefu wao barabarani ulikaribia miaka 3, lakini zaidi ya nusu walikuwa na chini ya miezi 5 juu ya pikipiki ile iliyopata ajali. Tena, hatari ilipotokea, wengi walikanyaga breki ya nyuma hadi gurudumu likateleza, huku ile ya mbele, yenye nguvu zaidi ya kusimamisha, wakiitumia kidogo mno. Mtu aliyezoea pikipiki tupu akipakia abiria, uzito na mizani hubadilika. Ni kama amekabidhiwa chombo kingine. Kwetu Afrika Mashariki, mwendeshaji mpya hupakia abiria tangu wiki ya kwanza, pengine mshikaki, yaani zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja.

Kenya imesogea. Kanuni zake za mwaka 2020 zinatenga daraja la A3 kwa bodaboda, wasafirisha vifurushi na pikipiki za magurudumu matatu, umri wa chini ukiwa miaka 21, wakati A2, la pikipiki za kawaida, ni 18. Hata hivyo, umri si uzoefu. New Zealand ilianza leseni ya ngazi, inayompa mwendeshaji mpya ruhusa hatua kwa hatua, mwaka 1987, na waendesha pikipiki wa miaka 15 hadi 19 waliolazwa hospitalini wakapungua kwa 22%. Wakosoaji husema walipungua kwa sababu vijana wachache zaidi walipanda pikipiki. Sawa, kumweka mwanagenzi mbali na hatari hadi azoee ndilo lengo.

Pingamizi kubwa ni hesabu, yaani fedha anayompelekea mwenye pikipiki kila siku: kijana mwenye mkataba wa pikipiki hawezi kusubiri bila kipato. Basi abebe vifurushi miezi sita, bila abiria. Kisha mtihani wa kubeba abiria ufanyike akiwa na mzigo wenye uzito wa mtu mzima, asimame ghafla kwa breki zote mbili. Atakayeshindwa asipewe ruhusa ya kubeba abiria.